Spika Mbili na Magodoro Arobaini

Mimi na Sairagul tumeolewa na ndugu wawili, mimi kwa mkubwa, yeye kwa mdogo. Mumewe ndiye kitinda mimba, kwa hiyo yeye ndiye aliyebaki nyumbani na mama mkwe wetu, kama ilivyo desturi yetu huku Kochkor, na mimi nikapona. Nasema nikapona kwa mapenzi yote. Mama Saltanat ni mwanamke mwema, ila anataka chai imiminwe anavyotaka yeye, nusu kikombe tu kila mara ili mgeni aombe tena, na hakuna anayeshika birika nyumbani kwake ila mke wa mwanawe mdogo. Mimi ningeshafungasha virago. Saira yuko mwaka wa tisa na bado anatabasamu.

Anafundisha muziki shule ya watoto hapa mjini, na ana masikio ya kuudhi. Ukimpigia simu anajua umesimama chumba gani. Siku moja alipita karakana yangu, maana mimi natengeneza mazulia ya sufu, akaniambia mkanda wa cherehani yangu unakaribia kukatika. Nikamwambia aende zake. Ulikatika siku ya pili, nami nikamnunia wiki nzima kana kwamba yeye ndiye aliyeukata.

Mwaka juzi alianza kuwaalika bibi wa mji huu, mmoja mmoja, waje wamwimbie nyimbo za kubembelezea watoto. Alipata sita. Kila bibi alikunywa chai kwanza, akawasema wakwe zake, kisha akakaa mbele ya maikrofoni na kuimba, huku Saira akimpigia komuz, kile kinanda chetu cha nyuzi tatu. Aliyeimba vizuri kuliko wote ni Bibi Toktobubu, wa nyumba ya karibu na kisima. Huyo alikuwa na miaka themanini na minne, na kabla hajatoa neno la kwanza alivuta pumzi ndefu, kama mtu anayeinua mtoto mzito kutoka sakafuni. Saira aliipenda ile pumzi kuliko wimbo wenyewe.

Kule Bishkek, mji mkuu, kuna mtu anaitwa Ernis, anatoa albamu. Alikubali kuzitoa zile nyimbo sita, na jina la Saira liandikwe kama fundi wa sauti, kwa sharti moja: azimalize mwenyewe. Kurekodi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kusawazisha, sauti ya bibi ikae wapi, komuz ikae wapi, besi ipunguzwe kiasi gani. Saira alisawazisha nyimbo mbili kwa hedifoni, akatuma. Ernis alizirudisha siku hiyohiyo.

"Komuz imezama, na bibi anaimba ndani ya pipa," alisema kwenye simu, nami nilikuwa nimekaa hapo pembeni nasikia. "Dada, nyumbani haiwezekani. Nitumie zikiwa mbichi, nitamalizia mimi. Tutatia na ngoma kidogo, vijana wapende."

Saira alikata simu kwa adabu kisha akanigeukia. "Ngoma kwenye wimbo wa kulaza mtoto! Huyo mtoto atalala saa ngapi?"

"Basi fanya wewe," nikamwambia.

"Nitafanya mimi. Ila hedifoni zinanidanganya. Nahitaji spika."

Mume wangu Kubat, ambaye hajaombwa ushauri tangu azaliwe na hajawahi kuacha kuutoa, alisema anunue yale maspika makubwa ya harusini, yenye taa zinazowaka rangirangi. Saira alimjibu taratibu. "Shemeji, yale yametengenezwa yakufurahishe. Yanajaza besi hata pasipo na besi. Mimi nataka spika kama Mama. Chai ikiwa mbaya, aseme ni mbaya."

Mama Saltanat alikuwa chumba cha pili. "Nimesikia," akasema.

Tulikwenda Bishkek siku ya Jumanne, siku ambayo Saira hafundishi, mimi na yeye, na elfu kumi na nane za som, pesa yetu, alizokuwa ameziweka tangu Nooruz, sikukuu ya mwaka mpya. Duka lenyewe lilikuwa ghorofa ya pili, juu ya muuza mapazia, na muuzaji alikuwa kijana mnene mchangamfu anaitwa Emil. Alitutazama vitambaa vyetu vya kichwani akatuona tunatafuta spika ya kuimbia kwenye sherehe. Akawasha jozi kubwa, akaweka wimbo wa disko, vioo vya dirisha vikatetemeka.

"Sikieni hiyo besi, dada zangu! Inaangusha ukuta!"

"Ukuta wangu wa udongo," Saira akasema. "Naupenda ukiwa umesimama. Zima hiyo, ndugu yangu, uweke hii."

Akampa flashi yake. Ndani mlikuwa na wimbo wa Bibi Toktobubu, mbichi. Akamwambia aunganishe jozi nne, sauti ziwe sawasawa, isiwepo inayopiga zaidi ya mwenzake, kwa sababu ile yenye kelele zaidi ndiyo humdanganya mnunuzi. Kisha akageuka, akakaa kwenye kiti akitazama ukuta, akasema mimi ndiye niwe nabadilisha, na nisimwambie ni ipi. Emil alikuna kichwa. Mimi nikawa naminya vitufe kama rubani. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, mara ya nne. Nilisikia tofauti kidogo tu, lakini nilikunja uso ionekane ninaelewa.

"Rudisha ile ya tatu," Saira akasema. "Mwanzo kabisa. Kabla hajaimba."

Nikarudisha. Ile pumzi ikatoka, na nywele za mkono wangu zikasimama. Nilimuona yule bibi amekaa, mkono gotini.

"Hiyo," akasema.

Ilikuwa jozi ndogo kuliko zote, nyeusi, koni yake ya kutolea sauti kama kisahani cha chai, na bei yake ilikuwa elfu kumi na sita na mia tano. Emil karibu alie. "Dada, hizo ni za wanafunzi! Kwa elfu tano zaidi unapata za kibingwa."

"Zile za kibingwa zinampamba bibi yangu. Hajaomba kupambwa."

"Basi, zikikusumbua, ndani ya siku kumi na nne nirudishie na boksi lake, nakubadilishia," akasema, na mpaka tunashuka ngazi alikuwa anatuangalia kama watu walioacha nyama wakachukua mfupa.

Nyumba ya Mama Saltanat ina sebule moja kubwa, na ndimo Saira anafanyia kazi. Ukuta unaotazamana na mlango ndio wa heshima; hapo hukaa wazee, na nyuma yao kuna masanduku mawili, na juu ya masanduku kuna toshok, yale magodoro membamba ya sufu tunayokalia. Mengine Saira alikuja nayo alipoolewa, mengine ni ya Mama. Arobaini kasoro moja, yamepangwa kona hadi kona, karibu yaguse dari. Saira aliweka meza yake upande wa mlango, spika juu ya matofali, na chini ya kila spika kipande cha zulia langu ili zisitikise meza. Alinishikisha uzi, akapima: kutoka spika hadi spika, na kutoka kila spika hadi kichwa chake, urefu mmoja. Akazigeuza kidogo zimwelekee, mgongo wake ukawa kwenye magodoro.

Mama Saltanat alizitazama akiwa mlangoni. "Mbona zinanikodolea macho?"

"Zinakusikiliza, Mama."

"Angalau kuna kitu kinanisikiliza humu ndani."

Wiki ile ya kwanza ilikuwa tamu. Saira alimaliza nyimbo tatu. Alizijaribu kwenye gari la mumewe, kwenye simu yangu yenye ufa, kwenye redio ya jikoni. Kote zilikuwa zilezile. Alizituma, na Ernis akajibu kwa maneno mawili: "Hizi ndizo." Nilimuona Saira anatembea uani kifua mbele, na nikafurahi kama vile masikio yalikuwa yangu.

Wiki ya pili nilikuja kuomba magodoro. Baba yangu alikuwa ametimiza mwaka tangu afariki, na kwetu siku hiyo unalisha watu, na watu wale lazima wakae. Saira alikuwa shuleni. Mama hakuuliza hata ninataka mangapi. Magodoro hayanyimwi, hata uwe umegombana na mtu. Kubat na wenzake waliyapakia yote thelathini na tisa kwenye lori, tukaenda nayo kijijini kwetu, tukakaa nayo siku nne.

Siku hizo nne Saira alisawazisha nyimbo mbili nyingine. Baadaye aliniambia kwamba tangu alipowasha alisikia besi imevimba, komuz inanguruma kama tumbo la ng'ombe. Akaipunguza. Ikaendelea kunguruma. Akaipunguza tena, mpaka ikakaa sawa, akatuma. Jibu la Ernis nililisoma mwenyewe. Zilikuwa nyembamba, alisema, kama chai iliyochemshwa mara tatu kwa majani yaleyale. Alikuwa na subira mpaka Ijumaa. Ijumaa ikipita, atumiwe zote tatu zilizobaki zikiwa mbichi, ya Bibi Toktobubu ikiwemo, azimalize yeye na ngoma zake.

Niliporudi Jumapili na lori nilimkuta Saira ameshatoa boksi la spika. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Zimeungua," akasema. "Emil aliniambia. Mali ya bei nafuu, dada. Kesho nazirudisha, siku kumi na nne zinaisha Jumanne."

"Wewe ulizichagua umegeuza mgongo na ukapata. Leo umekuwa mjinga?"

"Sikiliza mwenyewe, basi!"

Akaweka wimbo, ukawa unapiga. Kweli, hata mimi nilisikia, ilikuwa besi tupu. Lakini lori lilikuwa mlangoni na mama mkwe wetu alikuwa anatazama, kwa hiyo mimi na Kubat tukaanza kuingiza magodoro huku muziki unaendelea. Juu ya godoro la kwanza nilikuwa nimeweka sinia la maandazi yetu madogo ya boorsok, maana magodoro hayarudishwi mikono mitupu. Tukapanga kumi. Tukapanga ishirini. Nilikuwa nimebeba la ishirini na kitu, jasho linanitoka, Saira akainua mkono.

"Simama hapo. Toa."

"Nitoe nini?"

"Magodoro. Yote. Toa nje."

"Saira, mgongo wangu huu si wa punda."

"Toa, dada, nakuomba!"

Tukatoa. Ile ngurumo ikarudi, imejaa chumba kizima. "Ingiza," akasema. Tukaingiza, ikanywea. Mara ya tatu Kubat alikaa chini, akala boorsok, akasema yeye ana mke mmoja tu wa kumtuma. Saira alikuwa amesimama katikati ya chumba anacheka, machozi yanamtoka.

"Spika hazina kosa! Zilikuwa zinasema kweli tangu mwanzo. Ni kona zetu zinazonguruma, na magodoro yalikuwa yanazinyamazisha. Mimi nilikuwa natibu ugonjwa wa chumba kwenye koo la bibi!" Akanigeukia. "Wewe ndiye uliyebeba dawa."

"Niliomba kwa mwenye nyumba," nikasema.

"Na mwenye nyumba alitoa," akasema Mama Saltanat. "Na angetoa tena. Mnapanga vibaya, mekundu hukaa juu."

Jumatatu na Jumanne alizirekebisha zile mbili, na Ernis akazikubali bila neno. Ukabaki wimbo mmoja, wa Bibi Toktobubu, ambao alikuwa ameuacha mwisho makusudi, kama mtu anayejiwekea kipande kizuri cha nyama.

Jumatano asubuhi Anarkan, binti wa Bibi Toktobubu, alisimama kwenye geti. Hakuingia. Aliposema tu "Mama Saltanat," sote tulijua. Bibi alikuwa amelala hakuamka.

Nilimtazama Saira. Kesho yake ni Alhamisi, halafu Ijumaa. Nilijua anachokijua: watu wangetoka mabonde yote, hema lingesimamishwa uani, wanawake wangelia humo siku tatu, na kila kiti cha mji huu kilikuwa kwenye sebule ile. Nilijua pia kwamba angeweza kutoa nusu tu ya magodoro, aseme ndiyo yote. Hakuna ambaye angejua.

"Yachukue yote," Saira akasema. Alikuwa ameshaanza kuyateremsha, mekundu kwanza. "Kuna thelathini na tisa. Na birika kubwa pia, na sahani."

Siku ile na kesho yake tulifanya kazi kwa wafiwa. Saira ndiye aliyemimina chai, maana yeye ndiye mke wa mwana mdogo wa nyumba jirani, na hiyo kazi haina mbadala. Ukimuona mkwe mdogo amekaa msibani watu wanauliza kama mama mkwe wake hakumfunza. Alhamisi baada ya adhuhuri nilimnong'oneza, "Na wimbo?"

"Ernis atautia ngoma," akasema. Alimimina kikombe, akampa mzee, akamimina kingine. "Basi, dada. Anarkan ana mama wa kumlilia, mimi nina wimbo tu." Lakini kikombe kile alikijaza mpaka kikamwagika, na nikajua anaumia. Niliumia pia, na nikakasirika, kwa sababu hasira ndiyo huja kwangu kwanza.

"Mimi nina magunia kumi na nane ya sufu karakanani," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. "Sufu ni sufu. Kona zako zitajuaje?"

Saira alinigeukia. Kisha akatazama birika mkononi mwake, na foleni ya wazee waliokuwa wanangoja.

Mama Saltanat alikuwa amekaa upande wa heshima, pamoja na vikongwe wenzake. Sijui alisikia kiasi gani. Yule husikia kila kitu. Aliinuka, magoti yakalia, akapita katikati ya watu mpaka pale tulipokuwa, akanyoosha mkono.

"Lete."

"Mama, haifai," Saira akasema. "Watu wanaona."

"Waone. Nilimimina chai miaka ishirini kabla hujazaliwa. Lete birika. Toktobubu alikunywa chai kwangu akaimba kwangu, na haendi Bishkek kupigiwa ngoma. Nenda ukammalize vizuri."

Watu hemani waligeuka kutazama. Mama mkwe anamimina chai na mkwe anaondoka, hilo halijawahi kuonekana Kochkor. Mama akajaza kikombe cha mzee wa kwanza, nusu tu, akamtazama usoni mpaka yule mzee akakipokea kwa mikono miwili.

Tuliyaleta magunia kwa mkokoteni. Sufu ilikuwa haijafuliwa, ina mafuta na majani na vitu vingine nisivyovitaja. Tukayarundika juu ya masanduku, ukuta wa heshima, kona zote mbili mpaka darini. Chumba kikanuka zizi. Saira akawasha, akaweka sauti moja tu ya chini ya komuz, akatembea kona hadi kona akisikiliza. Akasukuma gunia moja kwa goti. Akakaa.

Alifanya kazi saa tatu. Mimi nilikaa sakafuni, kwenye saruji, maana hapakuwa na pa kukalia. Sikuelewa mengi, ila niliona kwamba kila alichokigusa alikigusa kidogo, na mwisho alirudi kwenye ile pumzi, akaondoa kitu kimoja alichokuwa ameongeza, akaiacha ilivyo. Ng'ombe walikuwa wanarudi kutoka malishoni alipotuma. Ernis alijibu tukiwa tunafunga mlango kurudi msibani. "Jina lako linaandikwaje?" alikuwa ameuliza. Saira alimwandikia herufi kwa herufi.

Bibi Toktobubu alizikwa Ijumaa.

Jumapili Anarkan alituletea magodoro, na juu yake sinia la boorsok na kitambaa cheupe. Alikuta magunia yangu yamekaa kwenye nafasi ya heshima, na Mama Saltanat amekaa mbele yake, mgongo wima, kama vile amekuwa akiegemea sufu chafu maisha yake yote. Anarkan hakujua pa kuangalia. Saira akamwambia akae kwenye kile kiti chake, palepale spika zilipokuwa zinaelekea.

"Nataka usikie kitu," akasema. "Ukitaka nizime, niambie."

Akabonyeza. Kukawa kimya kidogo. Kisha pale mbele yetu, kati ya zile spika mbili, mahali pasipokuwa na kitu ila ukuta, Bibi Toktobubu akavuta pumzi.

Anarkan akashika kifua. "Yuko hapa," akasema. Wimbo ulipoanza alikuwa ameshainua mkono. "Hapana, hapana. Rudisha nyuma. Kabla hajaimba."

Saira akarudisha. Akarudisha mara ya tatu, na ya nne, na hakuna aliyemuuliza Anarkan anataka mara ngapi.